Stanley ahukumiwe kwa kalamu yake

Kaskazini mwa Wales, katika mji mdogo wa Denbigh, kuna sanamu ya shaba ya mwanamume aliyenyoosha mkono kama anayetaka kumsalimia kila apitaye. Iliwekwa 2011. Msanii mmoja wa huko akawa na desturi ya kwenda kuifunika gubigubi kwa mipira ya matairi, ili watu wakumbuke mpira uliovunwa Kongo kwa damu. Mwaka 2020, sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston ilipong'olewa Bristol na kutupwa majini, kuna waliotaka na hii ya Denbigh iondoke. Oktoba 2021 wakazi wakapiga kura, wengi wakasema ibaki. Mwenye sanamu ni Henry Morton Stanley, na mabishano juu yake hayajatulia, hata huku kwetu ambako jina lake tulilikariri darasani pamoja na Burton na Speke.

Wanaomtetea wanamwita mvumbuzi. Wanaompinga wanamwita wakala wa ukoloni. Mimi naona pande zote mbili zinamtazama kwa jicho moja: mtu mkubwa, kofia, ramani, bunduki. Kinachosahauliwa ni nani aliyekuwa akimlipa. Stanley alifika Afrika Mashariki akiwa ripota wa gazeti la Kimarekani, New York Herald, ametumwa na mhariri wake atafute habari itakayouza gazeti. Hakutumwa na serikali, wala chama cha jiografia, wala kanisa. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya aliyoyafanya, mema na maovu, yalipita kwenye kalamu, na kwamba apimwe kwa maswali tunayomuuliza mwandishi wa habari yeyote. Alisema kweli? Alimwandikia nani? Nani aliumia kwa alichoandika? Kwa maswali hayo hatoki salama, ila doa lake haliko pale wengi wanapolitafuta.

Habari ya kwanza aliyoitunga ilikuwa yeye mwenyewe. Alizaliwa Denbigh 1841 akiitwa John Rowlands, mtoto wa mama ambaye hakuwa ameolewa, akalelewa kwenye nyumba ya maskini huko St Asaph. Mwaka 1859 akafika New Orleans kama mtumishi wa melini, akajipa jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Baadaye aliandika kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe wa kupanga. Waliochunguza maisha yake wanalitilia shaka sana jambo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani alipigana Shiloh mwaka 1862 upande wa Kusini, akatekwa, akafungiwa Camp Douglas kule Chicago, akajiunga na jeshi la Kaskazini lililomteka, kisha akaingia jeshi la majini, na 1865 akatoroka. Vita moja, majeshi matatu. Na kwa miaka mingi alijitambulisha kuwa Mmarekani halisi, akikana katakata kwamba Wales ilimhusu.

Kazi ya gazeti aliianza kwa kuandika habari za majeshi ya Marekani na Wahindi Wekundu mwaka 1867, lakini kilichompa jina ni Uhabeshi. Mwaka 1868 Waingereza walipeleka jeshi kumtoa Mfalme Tewodros kwenye ngome ya Magdala, ambako alikuwa amewafunga Wazungu kadhaa. Stanley akajipeleka kwa niaba ya Herald. Kabla ya kuondoka Suez alifanya jambo moja ambalo ripota yeyote wa leo atalielewa: alimpenyezea fedha karani wa telegrafu ili ujumbe wake utangulie mbele ya wote. Aprili ngome ikaanguka, Tewodros akajiua kwa bastola, na waandishi wakakimbilia pwani. Ujumbe wa Stanley ukapita, kisha waya wa chini ya bahari kati ya Alexandria na Malta ukakatika. Waliomfuata wakabaki na karatasi zao mkononi. London ikazisoma habari za ushindi wake yenyewe kutoka kwenye gazeti la New York kabla serikali haijapata taarifa rasmi, na magazeti ya huko kwanza yakaliita Herald rongo.

Nasimama kidogo kwenye fedha ile ya karani. Miaka mitatu baadaye, akikatiza Ugogo na Uha, Stanley alijaza kurasa na malalamiko kuhusu hongo. Neno hilo wakati ule lilikuwa ushuru halali, kitambaa na shanga alizotoa msafiri ili mtemi ampe njia na maji. Kule Uha alichoka kulipa, akawatorosha watu wake usiku kupitia porini ili asifike kwa mtemi mwingine. Leo hongo kwa Kiswahili ni rushwa. Kwa maana ya zamani Stanley aliikwepa hongo. Kwa maana ya sasa alishaitoa Suez, na ndiyo iliyomfungulia njia ya kuja.

Mhariri wake, James Gordon Bennett mdogo, alimwita Paris Oktoba 1869 na kumwambia amtafute David Livingstone, mmisionari na msafiri ambaye kwa miaka kadhaa dunia ilikuwa haijui kama yu hai. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Bennett alisema fedha si kitu. Januari 1871 alipofika Zanzibar hakukuta hata senti. Aliyemwokoa ni balozi mdogo wa Marekani, Francis Webb, na hapa kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wameshazoeana na Zanzibar tangu mkataba wa Marekani na Sultani wa 1833, na kitambaa chao cheupe cha pamba kilienea bara kiasi kwamba hadi leo tunakiita marekani. Stanley alinunua marekani, kaniki, shanga za aina kwa aina na masango ya shaba, akawauliza wafanyabiashara wa Kiarabu bei ya njia. Aliambiwa doti 10 kwa siku zingetosha kulisha watu 100. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu wa kwanza kupasua pori. Ripota wa Kimarekani alikuwa akitembea juu ya biashara ya Kimarekani, katika barabara ya misafara ambayo Wanyamwezi waliipita mwaka baada ya mwaka, wakiongozwa na kirangozi aliyejua kila kisima.

Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyekuwa mkuu wa askari wake, mtu ambaye alishazunguka na Speke hadi Ziwa Viktoria. Wazungu wawili walioandamana na Stanley, Farquhar na Shaw, walikufa njiani. Tabora akajiingiza katika vita vya Waarabu na Mirambo, Waarabu wakashindwa vibaya, naye akazungukia kusini. Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, akaingia Ujiji huku bunduki zikilipuliwa na bendera ya Marekani ikitangulia. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kwenda kumwambia bwana wake kwamba kuna Mwingereza anakuja. Livingstone ameandika alichokiona: mizigo ya bidhaa, mabeseni ya bati, masufuria makubwa, mahema, akawaza kwamba huyu lazima ni msafiri wa anasa. Kuhusu ile salamu maarufu, ya kumuuliza kwa kofia mkononi kama yeye ndiye Dakta Livingstone, hakuandika neno.

Nikienda Ujiji leo, kwenye makumbusho yaliyo mahali pale pa miembe, nakuta sanamu mbili za ukubwa wa mtu zikisalimiana. Mwongozaji anaitamka sentensi ile kwa Kiingereza, wageni wanacheka, wanapiga picha. Huenda ndiyo sentensi inayojulikana kuliko zote zilizopata kutamkwa katika ardhi ya Tanzania, na kuna sababu nzuri ya kudhani haikutamkwa. Tim Jeal, aliyeandika wasifu wa Stanley mwaka 2007 baada ya kupekua nyaraka zake, anaamini ilibuniwa baadaye. Stanley aliyelelewa nyumba ya maskini alitaka aonekane mtulivu kama muungwana wa Kiingereza. Badala yake watu walimcheka nayo mpaka alipokufa.

Tuwape watetezi wake haki yao. Wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Barua za Livingstone ambazo Stanley alizibeba na Herald likazichapisha zilieleza biashara ya watumwa, na taarifa za mauaji yaliyofanywa na wafanyabiashara wa watumwa huko Nyangwe, Manyema, Julai 1871, Livingstone akiwa shahidi kwa macho yake, zilizidi kuwasha hasira Uingereza. Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Habari ile haikufanya kazi hiyo peke yake, manowari za Waingereza nazo zilikuwa zinasubiri bandarini, lakini ilisaidia. Pia alikuwa ripota aliyeweza kujisahihisha. Mirambo, ambaye mwaka 1871 alimwandika kama jambazi, alipokutana naye 1876 alimwona mtu mpole mwenye busara, wakachanja udugu, akamwita Napoleon wa Afrika. Wahariri wengi wa leo hawana ujasiri wa kuandika kwamba walikosea kiasi hicho.

Hoja nzito zaidi ya upande wao ni ya Jeal: kwamba Stanley alijichafua mwenyewe. Alizidisha idadi ya mapigano na ya waliokufa kwa sababu wasomaji wa Herald walitaka moto, na historia ikachukua chumvi yake ikaifanya ungamo. Nadhani kuna ukweli hapo. Mtu aliyejifunza kuandika kwa kuripoti mapigano ya Wahindi Wekundu alijua mshale mmoja hauuzi gazeti kama mishale mia. Lakini wanaoleta hoja hii huishia pale ambapo ingepaswa kuanza. Tuseme alidanganya kuhusu maiti. Je, uongo huo ulimfundisha nini msomaji wa New York na London? Ulimfundisha kwamba Afrika hupitwa kwa risasi, kwamba kijiji kinachokataa kukuuzia ndizi ni adui, na kwamba mtu anayefanya hivyo hurudi nyumbani na kushangiliwa. Maofisa waliokuja baada yake walikuwa wamemsoma tangu utotoni. Hakuna aliyewaambia kuwa lile lilikuwa chumvi.

Na kuna jambo moja ambalo halikuwa chumvi. Kisiwa cha Bumbire, kilichoko upande wa Uhaya wa Ziwa Viktoria. Aprili 1875 Stanley alitia nanga pale akitafuta chakula, wenyeji wakamzingira, wakamnyang'anya makasia, akaponea chupuchupu. Agosti akarudi na mitumbwi na bunduki, akakaa mbali na ufuo ambako mishale haifiki, akafyatua risasi kwenye kundi la watu waliosimama ukingoni. Hakuficha. Aliiandika yote akaipeleka kwa Herald na Daily Telegraph, magazeti mawili yaliyogharamia safari ile ya pili. Mtu anayeficha ovu anajua kuwa ni ovu. Huyu aliliona kuwa habari nzuri.

Hapa ndipo inapokuja hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba alikuwa mtu wa zama zake, na tusimhukumu kwa macho ya leo. Sawa, tumhukumu kwa macho ya zama zake. Habari ya Bumbire ilipochapishwa 1876, vyama vya kutetea wenyeji na vya kupinga utumwa vilipiga kelele London hiyohiyo. Wangwana waliorudi Zanzibar kutoka safari ile walihojiwa na balozi wa Uingereza, John Kirk, ambaye mwaka 1878 alipeleka taarifa kali dhidi ya Stanley. Kweli, Kirk alikuwa na kisasi chake, maana Stanley alishamtuhumu hadharani kuwa alimtelekeza Livingstone. Lakini walioongea walikuwa wapagazi na askari, watu wa zama zilezile, na waliona kwamba kilichofanyika si sawa.

Kisha kuna George Washington Williams. Huyu naye alikuwa Mmarekani, naye alikuwa askari wa vita vilevile, naye aliishi maisha ya kupanda na kushuka: mtu mweusi wa Pennsylvania, mchungaji wa Kibatisti, mwanzilishi wa gazeti, mwanahistoria, mbunge wa kwanza mweusi katika bunge la jimbo la Ohio. Mwaka 1889 alimhoji Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye Stanley alikuwa amemfanyia kazi Kongo, kwa ajili ya magazeti ya Marekani, akavutiwa naye. Mwaka uliofuata akaenda Kongo kujionea, na Julai 1890, kutoka kwenye maporomoko yaliyoitwa wakati huo kwa jina la Stanley, akamwandikia mfalme barua ya wazi. Alieleza namna machifu walivyotiwa hofu na vituko: betri iliyofichwa ndani ya mkono wa koti ili mtu akipewa mkono apigwe na umeme, kioo cha kuwashia sigara kwa jua. Ardhi ikachukuliwa kwa masanduku machache ya jini. Akaandika kwamba watu wa mtoni wakisikia jina la Stanley hutetemeka, wakikumbuka ahadi alizovunja. Aliwauliza wenyewe, ndiyo tofauti. Miezi michache baadaye, akiiandikia serikali ya Marekani, alitumia maneno ambayo dunia ilikuja kuyazoea karne iliyofuata: uhalifu dhidi ya ubinadamu. Herald lenyewe likachapisha tuhuma zake mwaka 1891, na Stanley alipoulizwa akasema ni jaribio la kutaka fedha kwa vitisho. Agosti mwaka huohuo Williams akafa Blackpool akiwa na miaka 41. Ukimweka karibu na Stanley, mto mmoja, taaluma moja, zama zilezile, hoja ya zama inaanguka yenyewe.

Wapinzani wa Stanley nao wana udhaifu wao. Wanapenda kumbebesha mikono iliyokatwa na mpira wa Kongo. Aliacha kazi ya Leopold huko 1884, na ukatili wa mpira ulipamba moto katika miaka ya 1890. Kosa lake halihitaji kukuzwa. Alijenga barabara na vituo, alikusanya mikataba, kisha kwa miaka akatumia jina lake kama mwandishi anayeaminika kumsifu mfalme yule mbele ya hadhira za Ulaya na Marekani. Bila sifa hiyo Leopold angekuwa mfalme wa nchi ndogo mwenye ndoto kubwa. Tazama pia barua aliyoipeleka kutoka kwa Kabaka Mutesa, iliyotoka kwenye Daily Telegraph Novemba 1875, akiomba wamisionari: michango ikamiminika, na 1877 wamisionari wa Kianglikana wakawa Buganda. Safu chache za gazeti, na historia ya dini ya nchi nzima ikageuka.

Tukimtazama hivi, swali la sanamu ya Denbigh linakuwa la watu wa Denbigh. Kinshasa ilishajibu swali lake katika miaka ya Mobutu, sanamu ya Stanley ikashushwa kutoka kilima cha Ngaliema. Stanleyville ikawa Kisangani. Mlima wake bado unaitwa hivyo kwenye Rwenzori, na sijasikia mtu akigombana nao. Swali letu sisi ni la kusoma. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alikubaliana na Stanley mwaka 1876 kumsindikiza kutoka Manyema kwa malipo, na miaka mingi baadaye akaeleza maisha yake kwa Kiswahili, katika moja ya tawasifu za kwanza za lugha hii. Humo Stanley ni mteja asiyetimiza ahadi. Tippu Tip naye si malaika, pembe zake na watumwa wake vinajulikana, na malalamiko yake yana hesabu za mfanyabiashara. Ndiyo maana yanafaa: ni chanzo kinachompinga chanzo, katika lugha yetu, na sijui shule inayoviweka viwili hivyo mbele ya mwanafunzi mmoja.

Na kuna jambo la taaluma. Zamani kidogo nilimtafsiria mwandishi mgeni aliyekuja Kigoma kuandika habari za wakimbizi. Siku tatu nilimtafutia watu, nikamweleza nani ni nani na nani anaongopa. Makala ilipotoka nilikuwa "mwenyeji mmoja". Sikukasirika sana, kazi nililipwa. Lakini nilimkumbuka Susi, aliyeusafirisha mwili wa Livingstone pamoja na Chuma na wenzao hadi pwani mwaka 1874, kisha akaenda kumfanyia Stanley kazi Kongo. Nilimkumbuka pia Kalulu, mtoto aliyepewa Stanley Tabora kama zawadi, akapelekwa Uingereza na Marekani, akahudhuria mazishi ya Livingstone, akafa maji Kongo 1877. Stanley aliyaita maporomoko yale kwa jina la Kalulu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Ile ya safari ya pili ilikwenda kutoka Zanzibar hadi mji wa Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, siku 999, na waliobeba mizigo ndio walioijua yote.

Nyaraka zake sasa ziko Tervuren, nje ya Brussels, kwenye makumbusho yaliyojengwa kwa utajiri wa Kongo. Shajara yake ya 1871 imo. Ukiifungua ukafika siku aliyoingia Ujiji, kuona alimwambia nini yule mzee chini ya mwembe, unakuta karatasi zimechanwa.